NDEGE KUUKUU NA MFUKO WA MNUNUZI



Ndugu yetu mmoja ameniletea swali ambalo kwanza lilinichekesha, kisha likaninyima usingizi. Aliiona eropleni yenye rafadha mbili ikitua kwenye kiwanja cha majani karibu na kwao, kuja kumchukua mgonjwa. Wakati mgonjwa anapakiwa, rubani akamwambia kuwa ndege ile iliundwa kabla yeye rubani hajazaliwa, tena ilikuwa imekwisha pita mikononi mwa wenyewe watatu. Basi ndugu yetu auliza: "Hivi kweli watu wenye akili hununua ndege kuukuu? Mimi hata baiskeli kuukuu naiogopa."

Jibu ni kwamba hununua, tena kila siku. Huko Marekani wako wenye viwanda, wakandarasi na wafanya biashara wengi wasafirio kwa ndege zilizoundwa miaka 30 au 40 iliyopita, nao hufika salama. Wako pia walionunua ndege nzuri ya kung'aa, na baada ya mwaka mmoja wakalia. Tofauti ya hawa na wale si bahati. Ni namna walivyonunua. Leo nitaeleza namna hiyo, na mwishoni mtaona kwa nini jambo hili la matajiri wa mbali limeninyima usingizi mimi nisiye na hata pikipiki.

Kwa nini mfanya biashara atake ndege

Marekani ni nchi pana. Vipo viwanja vya ndege vya umma zaidi ya 5,000, lakini ndege kubwa za abiria zisafirizo kwa ratiba hufika katika mamia machache tu. Mtu mwenye kiwanda katika mji mdogo wa Kansas, naye ana wateja katika miji mingine midogo ya Texas na Nebraska, akitumia ndege za ratiba humpasa kwenda kwanza mji mkubwa, kungoja, kubadili ndege, kisha kukodi motakaa. Kazi ya saa mbili humla siku mbili. Akiwa na ndege yake huondoka alfajiri na mafundi wake, hutembelea miji miwili, na jioni hula chakula nyumbani.

Ndege ipendwayo zaidi kwa kazi hiyo huitwa King Air. Huundwa Wichita, katika jimbo la Kansas, na kiwanda cha Beechcraft kilichoanzishwa mwaka 1932 na Walter Beech pamoja na mkewe, Olive Ann. Bwana alifariki mwaka 1950, na mjane ndiye aliyekishika kiwanda kile akakiongoza kama rais wake mpaka mwaka 1968. King Air ya kwanza iliruka Januari 1964, katika siku za uongozi wa mama huyo. Tangu hapo zimetoka kiwandani zaidi ya 7,000 za aina mbalimbali. Aina iitwayo 200 ilianza kuruka mwaka 1972, na ndugu yake B200 ikatokea mwaka 1981. Hizo ndizo nitakazozisema leo, maana ndizo zinazouzwa sana mkono wa pili. Hata kwetu Afrika ya Mashariki si ngeni: huduma ya Madaktari Warukao, iliyoanzishwa mwaka 1957 na makao yake yako Nairobi, imezitumia kubeba wagonjwa.

Mashine yenyewe

Ndege hii ina urefu wa mita 13 na kidogo, na mabawa yake kutoka ncha hata ncha ni mita 16 na nusu. Hubeba marubani wawili na kwa kawaida abiria 6 hadi 8 waliokaa vizuri. Huenda kama kilomita 500 kwa saa. Uzito wake wa mwisho wakati wa kuruka ni ratili 12,500, yaani kilo 5,670, na hesabu hiyo haikupatikana hivi hivi. Sheria ya Marekani yasema kwamba ndege ikizidi uzito huo, rubani sharti awe na cheti maalum cha aina ile ya ndege. Waundaji walisimama pale pale kwenye mpaka.

Injini zake ni mbili, za aina iitwayo PT6, zitengenezwazo Canada na kampuni ya Pratt & Whitney Canada. Injini hii iliwashwa mara ya kwanza mwaka 1960, na mpaka sasa zimeundwa zaidi ya 50,000. Haina pistoni zipandazo na kushuka kama injini ya motakaa. Hewa huingia kwa upande wa nyuma, husindikwa na magurudumu yenye mapanga madogo mengi, kisha huchanganywa na mafuta na kuwashwa. Moto ule husukuma magurudumu mengine, nayo ndiyo yazungushayo rafadha. Magurudumu hayo yaitwa tabini. Na mafuta yenyewe ni nini? Ni jamaa ya mafuta ya taa tuyatumiayo katika kandili, ila yamesafishwa na kupimwa kwa uangalifu zaidi. Ndege hii hunywa kama lita 380 kwa saa moja. Ndiyo kusema kama madebe 20. Fikiri mwenyewe.

Injini ya namna hii ni imara kweli kweli, lakini ina adui mmoja mkubwa, nao ni joto la kupita kiasi wakati wa kuwasha. Betri ikiwa dhaifu, magurudumu huzunguka pole pole, hewa huwa haba, mafuta yakashika moto mwingi. Ni kama kandili iliyopandishwa utambi kupita kiasi, ikatia masizi chupa yote. Lakini hapa si masizi. Kikomo cha joto wakati wa kuwasha ni digrii 1,000 za selsiasi, na likipita hapo mapanga madogo yaweza kuharibika katika nukta chache. Rubani mzembe aweza kuliharibu lile tumbo la injini asubuhi moja, na kwa nje ndege ikabaki kama arusi.

Bei si bei

Sasa tufike sokoni. King Air 200 za miaka ya 1970 na 1980 mara nyingi huulizwa bei ya dola milioni moja au mbili, na zilizotunzwa sana huzidi. Mpya hupita dola milioni 7. Basi mtu huona amepata faida kubwa. Ngoja kwanza.

Kiwanda kimeweka kikomo cha injini hizi kuwa saa 3,600 za kuruka. Zikitimia, injini hufunguliwa yote, huvuliwa kila kitu, na kilichochoka hubadilishwa. Katikati, kwenye saa 1,800, sehemu ya moto hutazamwa. Kufungua injini moja hugharimu dola laki kadhaa, na ndege ina mbili. Kwa hiyo anunuaye ndege anunua saa zilizosalia katika injini zake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ndege ya kwanza imepakwa rangi mpya, viti vya ngozi vyanukia, na bei yake ni dola 1,300,000. Injini zake zimekwenda saa 3,400 tangu zilipofunguliwa. Ndege ya pili rangi imefifia, viti vimechakaa, bei ni dola 1,700,000. Injini zake zimekwenda saa 900. Mnunuzi wetu huruka saa 300 kwa mwaka, na tuseme kufungua injini moja ni dola 400,000.

Ya kwanza imebakiza saa 200, ambazo zitakwisha kwa miezi 8. Hapo atatoa dola 800,000 kwa injini zote mbili. Jumla atakuwa ametoa dola 2,100,000. Ya pili imebakiza saa 2,700, nazo zitamtosha miaka 9. Hata tukitaka haki kamili, tukaihesabia ya pili ile robo ya umri iliyokwisha tumika, ambayo ni dola 100,000 kwa kila injini, yafika dola 1,900,000 tu. Ndege iliyoonekana rahisi ndiyo ghali, kwa dola 200,000 nzima. Wazee hawakukosea waliposema, rahisi huvunja upishi.

Muuzaji mjanja atasema: "Bwana, sheria haimlazimishi mwenye ndege yake binafsi kufungua injini saa hizo zikitimia." Na ni kweli, huko Marekani atumiaye ndege kwa safari zake mwenyewe, pasipo kuuza nauli, halazimishwi kufuata kikomo hicho. Lakini siku atakapotaka kuuza, kila mnunuzi atamhesabia. Deni lile haliondoki. Lamngoja tu.

Si injini peke yake. Miguu ya ndege hii, yaani vyuma vibebavyo magurudumu, hufunguliwa na kutengenezwa upya kila miaka 6, hata kama ndege ililala bandani. Rafadha nazo zina kalenda yao. Boliti kubwa zishikazo mabawa hutolewa zikatazamwa kila miaka 5. Ukaguzi wa mwili mzima umegawanywa mara nne, kila saa 200 sehemu moja. Mnunuzi mwenye busara huuliza, "Katika miaka miwili ijayo, ni vitu gani vitatimiza siku zake, na vitanila fedha ngapi?" Jibu huliongeza juu ya bei, ndipo ajue bei ya kweli.

Mali bila daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ingeweza kuandikwa juu ya mlango wa kila banda la ndege. Ndege ina madaftari yake, injini kila moja ina lake, na rafadha zina yake. Kila kazi huandikwa humo pamoja na tarehe, saa za ndege, na sahihi ya fundi. Serikali ikitoa amri kwamba kifaa fulani kimeonekana kibovu na kibadilishwe katika ndege zote za aina ile, daftari lazima lionyeshe kuwa amri imetimizwa, lini, na kwa njia gani.

Mnunuzi huyasoma madaftari hayo tangu ukurasa wa kwanza, au humlipa mtu ayasome. Hutafuta nafasi tupu: miaka miwili isiyo na neno lolote, ndege ilikuwa wapi? Hutafuta bawa lililobadilishwa pasipo sababu kuandikwa, maana huenda ndege iligonga kitu. Daftari likipotea, ndege ile ile hupungua thamani vibaya, na wako wasemao moja kwa moja, "Hiyo hatuitaki," hata ikiwa nzima. Kwa kuwa hawawezi kujua kama ni nzima.

Tena marubani wazuri huandika, katika safari baada ya safari, joto la injini, kasi ya magurudumu yake na mafuta iliyokunywa. Namba hizo huchorwa kwa mstari. Mstari ukianza kupanda pole pole, fundi ajua kuna jambo kabla halijawa maradhi. Ninyi akina mama mnaijua kadi ya kliniki ya mtoto, jinsi nesi aonavyo mstari wa uzito umeanguka na kuuliza, "Mtoto huyu amekula nini mwezi huu?" Ni akili ile ile.

Fundi awe wa nani?

Hapa ndipo wengi huangukia. Muuzaji husema, "Fundi wangu ameitunza miaka 10, aijua kama mkewe. Mwache aikague yeye." Maneno matamu. Lakini fundi yule akikuta ufa, atakuwa ajishtaki mwenyewe kwamba hakuuona mwaka jana. Kwa hiyo desturi njema ni hii: mnunuzi huchagua karakana nyingine, iijuayo aina ile ya ndege, ambayo haijawahi kuitunza ndege ile. Mnunuzi hulipa gharama ya ukaguzi mwenyewe. Alipaye ndiye atumikiwaye.

Ukaguzi huo waweza kuchukua wiki moja au mbili. Mafundi hufungua vibao vya sakafu na vya mabawa. Huingiza ndani ya injini darubini nyembamba yenye taa, wakaone mapanga madogo kwa macho yao. Hutazama chujio la mafuta ya kulainisha, kama limeshika vipande vya chuma. Hutafuta kutu ya alumini, ambayo si nyekundu kama ya jembe bali ni unga mweupe. Hasa hutazama ndege zilizoishi karibu na bahari kwa sababu ya chumvi, na mahali pamoja msipopafikiri: chini ya choo. Kinachomwagika pale hushuka chini ya sakafu na kula bati kimya kimya, miaka na miaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kisha ndege hurushwa. Wanatazama kama hewa ya ndani yakaa, maana ndege hii huruka mahali pa juu kuliko kilele cha Kilimanjaro, na watu hupumua kwa sababu hewa husindikwa ndani. Wanatazama vyombo vya rubani. Kwa mfano, tangu Januari 2020 sehemu kubwa ya anga yenye shughuli huko Marekani haikubali ndege isiyo na chombo kinachotangaza chenyewe mahali ilipo. Ndege iliyokosa chombo hicho bado inauzwa, lakini mnunuzi atakitia kwa fedha zake.

Mwisho mafundi huandika orodha ya makosa yote. Kwa desturi makosa yanayoizuia ndege kuruka kihalali hutengenezwa kwa fedha za muuzaji. Madogo hujadiliwa. Na hili ni kubwa: mapatano huandikwa kabla ya ukaguzi, nayo hueleza kuwa mnunuzi asiporidhika, amana yake yarudishwa. Mtu akiisha toa fedha zote hana tena mdomo.

Deni lisiloonekana kwa macho

Ndege yaweza kuwa nzima kila ribiti, na bado ikawa na mwiba ndani. Huenda mwenyewe alikopa benki na kuiweka rehani. Huenda fundi hajalipwa. Ukiinunua hivyo, mwenye kudai aweza kuifuata mkononi mwako.

Marekani inayo ofisi ya kuandikisha ndege zote za kiraia katika mji wa Oklahoma City. Mnunuzi humwajiri mtu apekue humo, aone ndege imepita kwa nani na nani, na kama liko deni lililoandikwa. Tena kuna mapatano ya mataifa yaliyotiwa sahihi Cape Town mwaka 2001. Kwa mapatano hayo ikawekwa daftari moja la ulimwengu, lililoko Dublin katika Ireland, la kuandika haki na madai juu ya ndege na injini kubwa. Lilianza kazi mwaka 2006. Kenya na Tanzania zimo katika mapatano hayo. Injini nayo hupekuliwa peke yake, kwa kuwa yaweza kuwa na deni lake mbali na la ndege.

Fedha nazo hazipelekwi kwa muuzaji moja kwa moja. Huwekwa kwa mtu wa kati, mwenye kazi hiyo. Muuzaji huweka kwake hati ya kuuza iliyokwisha tiwa sahihi, na mnunuzi huweka fedha. Kila upande ukisema, "Tayari," ndipo hati inakwenda huku na fedha kule, kwa dakika ile ile.

Na dalali je? Dalali mwema ana faida, maana alijua soko. Ila muulize mapema: "Bwana, wewe nani akulipaye?" Akijibu kwamba hulipwa na pande zote mbili, chukua ushauri wake kama unavyochukua ushauri wa mwenye duka juu ya sukari yake.

Baada ya kununua

Wako waliohesabu bei wakasahau chakula. Ndege hula ikiwa yaruka, na hula ikiwa imelala. Kuna banda, kuna bima, kuna ada za viwanja, kuna fundi. Kuna mafunzo ya rubani, ambayo bima kwa kawaida hudai yarudiwe kila mwaka. Rubani huingizwa katika mashine ya kuigiza, na humo huzimiwa injini moja ndege ikiwa ndiyo kwanza yaacha ardhi. Injini mbili ni salama kwa rubani aliyejifunza kuruka na moja. Asiyejifunza, ile moja iliyobaki yaweza kumgeuza na kumtupa upande.

Kwa hiyo watu wenye hesabu husema, mtu arukaye saa 50 au 60 tu kwa mwaka yafaa akodi ndege ya mwingine. Wengine huungana kampuni mbili wakanunua moja. Wengine hujiwekea desturi ya kuchanga fedha kadhaa kwa kila saa waliyoruka, wakaziweka kando kwa ajili ya injini. Siku ya kuifungua ikifika, hawashtuki.

Basi kwa nini sikulala?

Sasa niwaambie. Miaka kadhaa iliyopita, sisi watu 22 wa kikundi kimoja tulichanga fedha tununue mashine ya kusaga. Akina mama walikuwa wakitembea saa mbili na mzigo kichwani kwenda kusaga. Tulipata shilingi milioni mbili na nusu. Mjane mmoja aliuza mbuzi wake wawili ili atimize fungu lake. Kwa kuwa mimi nilisoma chuo cha ualimu, wakasema, "Nenda wewe, mwalimu, wewe huwezi kudanganywa."

Nikaenda mjini. Nikaonyeshwa mashine kuukuu iliyopakwa rangi ya kijani, yang'aa kama jani la mgomba baada ya mvua. Mwenyewe alinipokea kwa chai na maandazi. Akaizungusha mara moja, ikawaka. Sikujua kwamba alikuwa ameiwasha kabla sijafika, ikapata moto, maana injini yenye moto huwaka kwa urahisi. Sikuuliza daftari. Sikuleta fundi, kwa sababu niliona aibu kumlipa fundi shilingi 30,000 za kikundi kwa kutazama tu. Nikalipa zote, nikapewa kikaratasi kisicho na muhuri.

Ilisaga majuma matatu. Kisha maji yakaanza kuonekana ndani ya mafuta. Fundi alipokwangua ile rangi ya kijani, akakuta ufa mrefu ubavuni mwa injini, uliozibwa kwa gundi ya chuma. Akanitazama, hakusema neno. Nilirudi kwa muuzaji, nikaambiwa, "Uliiona, uliisikia, ulikubali." Na kweli, nilikubali.

Hakuna mtu wa kikundi aliyenitukana. Hilo ndilo linalouma. Yule mjane aliniambia tu, "Basi mwanangu, mbuzi watazaa wengine." Lakini hakuwa na mbuzi wa kuzaa.

Mwezi ujao tunanunua tena. Tumechanga upya, pole pole, bandu bandu, na wenzangu wamenichagua mimi tena. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nilikubali kwa sharti, na masharti hayo nimeyajifunza kwa hao wanunuzi wa ndege, ambao fedha zao ni nyingi kuliko zetu lakini hofu yao ni moja na yetu.

Kwanza, hatutakwenda mmoja. Tutakwenda watatu, na mmoja wao ni yule mjane. Pili, fundi tutampeleka wenyewe, tena atoke mji mwingine, na tutamlipa kabla, hata akisema tusinunue. Hasa akisema tusinunue. Tatu, mashine tutaikuta ya baridi. Tutaigusa kwa mkono kabla haijawashwa, na tukiikuta na moto tutakaa kivulini mpaka ipoe. Nne, tutauliza ilitumika wapi, ilifunguliwa lini, na nani aliifungua, nasi tutamwendea huyo tumsikie. Tano, tutakwenda kwa mjumbe na kwa majirani wa muuzaji, tuulize kama mashine haina deni la mtu. Sita, fedha hazitatoka mkononi mwa mtunza hazina mpaka mashine imesaga debe nne za mahindi mbele yetu, na mapatano yameandikwa yakatiwa sahihi na mashahidi. Saba, siku ile ile tutafungua daftari. Kila debe litakalosagwa, shilingi kadhaa zitawekwa kando kwa ajili ya siku mashine itakapougua, maana itaugua tu.

Kwa hiyo ndugu msomaji uliyeuliza, kitu kuukuu si cha kuogopwa. Ndege ile iliyomchukua mgonjwa wenu ilikuwa kuukuu, na mgonjwa alifika. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kuna mtu aliyesoma madaftari yake, kuna fundi aliyelala chali chini ya sakafu yake na taa mkononi, kuna mtu aliyethubutu kusema, "Hii siitaki, nionyesheni nyingine." Cha kuogopwa ni chai na maandazi, na haya ya kuuliza.

Mashine yetu ikifika nitawaandikieni. Ikiwa ni mbovu nitawaandikieni vile vile.

Kwaherini, hadi juma lijalo.